Tangazo la Nafasi ya Mama Kigoda

Siku ile kigoda ndicho kilichotangulia kurudi nyumbani.

Mume wa mwenye kigoda alikuwa jikoni, amepiga magoti mbele ya sinki, anahangaika na bomba lililokuwa likidondoka kwa muda mrefu. Alikuwa amechukua likizo ya siku moja kwa ajili ya bomba hilo, maana mkewe alikwisha kumwambia kwamba akilisikia tena likidondoka, atafunga virago ahamie kwa mama yake. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Ndivyo alivyokuwa, vitisho vyake vyote vilikuwa na mzaha ndani yake.

Pikipiki ikazima mlangoni. Akatoka na spana mkononi. Mwenye pikipiki alishusha kigoda cha mbao, kile cha kukunja, chenye kitambaa cha kijani kilichopauka, akamkabidhi.

"Nimetumwa na kinyozi wa pale ukutani kwa kiwanda," alisema. "Mama kasahau kiti chake."

"Kiti hiki?" Mume akacheka. "Anaweza kunisahau mimi sokoni, lakini si hiki."

Mwenye pikipiki hakucheka. Alitazama mikono yake, akasema, "Haya, mzee," akawasha chombo chake akaenda.

Alikuwa bado amesimama pale, spana mkono mmoja na kigoda mkono wa pili, simu ilipolia. Mkewe alikuwa ameanguka uani kwa kinyozi, katikati ya sentensi, akizungumza na majirani habari ya masizi. Dereva wa kiwanda alimkimbiza hospitali. Ni moyo, walisema. Dereva mwenyewe ndiye aliyepiga simu, na alipofika mahali pa kusema neno lenyewe akashindwa, akabaki anasema tu, "Njoo, bosi. We njoo."

Bomba likabaki linadondoka.

Mtaani kwa kiwanda hakuna aliyemwita mke huyu kwa jina lake. Walimwita Mama Kigoda. Na kwa kuwa walimhesabu dada yao, mumewe wakamwita Shemeji, wakubwa kwa wadogo, mpaka na wenzake kazini wakalizoea jina hilo. Wote wawili waliajiriwa pale pale, kwenye kiwanda cha sabuni. Yeye Shemeji alikuwa afisa utumishi, mtu wa kuajiri watu na kuwaaga wakistaafu. Mama Kigoda alikuwa msemaji wa kampuni na mkuu wa mahusiano na jamii. Cheo kirefu, lakini mwenyewe alikifupisha: siku njema kazi yake ni kufahamiana na majirani, siku mbaya ni kuwakabili.

Na siku mbaya zilikuwepo. Kiwanda kilijengwa kabla ya mtaa, mtaa ukakua mpaka ukakigusa ukuta. Bomba la moshi likikohoa, masizi yalitua kwenye kamba za nguo. Mafuta yakimwagika, harufu ililala na watu vitandani. Hapo ndipo Mama Kigoda alipokunja kigoda chake, akakitia kwapani, akatoka getini kabla taarifa haijaandikwa, akaenda nyumba iliyo karibu kuliko zote na tatizo.

"Ukimwendea mtu mwenye hasira," alimwambia mumewe wakati mmoja, "usimpe na kazi ya kukutafutia kiti. Akikunyima, mmeanza vibaya. Akikupa, kajilazimisha, mmeanza vibaya zaidi. Mimi nakunjua changu, naketi. Hata akitaka kunifukuza, itabidi angoje nikikunje."

"Na wewe unakikunja polepole."

"Polepole sana."

Taarifa zenyewe alizijaribia jikoni. Jioni, Shemeji akimenya viazi, yeye alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, miwani puani, karatasi gotini, akasoma kwa sauti. Akimaliza aliinua kichwa. "Haya, nitukane."

Shemeji alikuwa mtu mpole, kutukana hakukuwa fani yake, lakini kwa miaka ya jikoni mle alijifunza. Aliweka kisu chini, akakunja uso, akawa jirani mwenye hasira.

"Wewe mama, huoni haya? Mnatengeneza sabuni ya kufulia nguo mnazozichafua wenyewe?"

"Sasa, baba, tusipozichafua, sabuni atanunua nani?"

Wakacheka mpaka kiazi kikaanguka chini. "Hilo lakini silisemi," akasema Mama Kigoda, akijifuta macho. Kesho yake akalisema. Mtaa mzima ulicheka, na utani ule ukakaa pale mtaani kama mwenyeji.

Ni yeye pia aliyeomba chumba cha getini. Kilikuwa stoo ya mapipa matupu. Alimganda Mkurugenzi mpaka kikasafishwa, kikatobolewa dirisha upande wa barabarani, kikawekwa mabenchi. Kila Alhamisi mchana majirani waliingia humo na malalamiko yao, wengine hawakuwa na malalamiko, walikuja tu kupumzisha miguu. Aliomba pia jambo la pili, lililowashangaza wengi: kwamba kampuni ikiajiri mtu ambaye kazi yake inagusa mtaa, jirani mmoja akae kwenye usaili. Majirani wakamchagua kinyozi, kwa hoja kwamba yeye amezoea kushika vichwa vya watu.

Baada ya msiba, ile nafasi ikabaki wazi. Kuijaza ilikuwa kazi ya Shemeji, na Shemeji hakuijaza. Kila akiulizwa alisema anaishughulikia. Alijikaza kisabuni, kama wanavyosema watu wote, ila pale kiwandani walisema kwa kujivuna, kana kwamba msemo ule ni wao. Asubuhi alipita mbele ya chumba cha getini kilichofungwa, akagusa kufuli, akaenda ofisini. Jioni alirudi nyumbani, akamenya viazi vingi kuliko anavyoweza kula. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alimpigia simu kila Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Baba."

"Viazi, mwanangu. Nimekula viazi."

Halafu asubuhi moja mfuko wa kichujio ulipasuka kiwandani, na unga mweupe wa magadi ukapeperuka nje ya ukuta. Ulitua juu ya mapaa, ukaingia kwenye matangi ya maji, ukalala juu ya nguo zilizoanikwa. Watoto wakaanza kufikicha macho. Kama Mama Kigoda angekuwepo, angekuwa kwa kinyozi kabla ya chai. Badala yake, watu wa idara ya mauzo walibandika karatasi getini: Hali imedhibitiwa, wananchi wasiwe na hofu.

Hakuna aliyekuwa na hofu mpaka aliposoma vile. Wakaja getini, wakakuta chumba kimefungwa. Kinyozi alikuja na beseni lenye shuka, shuka jeupe kuliko lilivyonunuliwa, akaliweka katikati ya barabara, akaketi kando yake. Wengine wakaketi pia. Malori ya sabuni yakakaa ndani siku nzima kama kuku waliofungiwa.

Siku iliyofuata Mkurugenzi alimwita Shemeji. Alikuwa mtu wa haraka, aliyezungumza huku anavaa koti au anavua.

"Nimekuvumilia," alisema, mkono mmoja ndani ya koti. "Mkeo alikuwa hazina ya kampuni hii, na nilisema nikuache upumue. Lakini jana umeona mwenyewe. Nataka mtaalamu wa mawasiliano wakati wa dharura na mahusiano na jamii. Nimpate kabla ya mkutano na majirani, mwisho wa mwezi huu."

"Nitajitahidi, Mkurugenzi."

"Usijitahidi, nipatie. Ukishindwa, kazi naipa wakala. Watakuwa wanatuandikia taarifa huko huko waliko, sisi tunabandika. Na kile chumba cha getini kirudi kuwa stoo, mapipa yananyeshewa."

Shemeji alirudi ofisini kwake, akafunga mlango, akakaa. Taarifa za kubandika alizielewa, hazikumuuma. Kilichomchoma ni mapipa. Alimwona kabisa mtu akiyabiringisha kuyaingiza mle ndani, yakigonga mabenchi.

Tangazo la kazi aliliandikia nyumbani, jikoni. Alikunjua kigoda, akakiweka mahali pake karibu na dirisha, lakini hakukikalia. Yeye alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, akaandika. Mistari ya mwanzo ilikwenda vizuri: shahada, uzoefu, umri. Kisha kalamu ikashika njia yake. Awe na sauti inayosikika hadi nyuma bila kipaza sauti. Awe anaweza kukaa nje juani bila kutazama saa. Awe anajua kucheka matusi yanapoanza. Awe na subira na watu wanaorudia maneno. Asipende neno "tunasikitika". Aliandika kwa wepesi ambao hakuwa nao tangu msiba, na alipomaliza akajisikia kama mtu aliyeongea na rafiki. Kesho yake Mkurugenzi alitia sahihi bila kusoma, koti likiwa nusu mgongoni, na tangazo likatoka gazetini.

Waombaji walikuja. Usaili ulifanyika kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu ya kioo: Mkurugenzi katikati, Shemeji kulia, kinyozi kushoto na shati lake jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Kila mwombaji akishajieleza, Shemeji alimpa jaribio. Lilikuwa moja tu.

"Mimi ni jirani. Nina hasira," alisema, akakunja uso. "Wewe, huoni haya? Mnatengeneza sabuni ya kufulia nguo mnazozichafua wenyewe?"

Bwana wa kwanza, aliyekuja na tai na maneno marefu, alisema kampuni inathamini mrejesho wa wadau. Kinyozi akamwuliza mdau ni nani. Bwana akasema ni kinyozi. Kinyozi akasema ahsante, hakujua.

Wa pili alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi benki, mtulivu, mwenye macho ya kusikiliza. Alijibu kwamba ni kweli nguo zimechafuka, kwamba hasira ni haki yao, na kwamba angependa kujua ni nyumba zipi zilizoumia zaidi. Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kinyozi akatikisa chake pia. Shemeji aliandika kwenye karatasi yake: Hana sauti.

Wa tatu alitazama saa. Wa nne alisema "tunasikitika". Wa tano alicheka, lakini alicheka vibaya, kama mtu anayetekenywa. Shemeji akawakata wote. Na kila alipotoa ile kejeli ya sabuni, alingoja. Mwombaji alianza kujibu, naye alikuwa bado anangoja.

Jioni Mkurugenzi alikusanya makaratasi yake. "Umemkataa kila mtu, bwana. Kesho kuna mmoja wa mwisho. Akipita hivi hivi, namwita wakala."

Kinyozi alimsindikiza Shemeji mpaka getini. Zamu ilikuwa inabadilika, wafanyakazi wanatoka wakinukia sabuni mbichi, wanasalimia huku wanapita. Walipofika mbele ya chumba kilichofungwa, kinyozi akasimama.

"Shemeji, nikuulize kitu, usinielewe vibaya. Yule mama wa benki ana kosa gani?"

"Hakucheka."

"Umemtukana, acheke?"

"Mke wangu angecheka."

"Angecheka," kinyozi alisema. "Na sisi tungecheka." Aliangalia mikono yake, iliyozoea kushika kitu. "Nilisoma lile tangazo dukani kwangu. Mteja yuko kitini, nusu kichwa nimenyoa, nikamsomea kwa sauti. Akaniambia, mbona huyu ni Mama Kigoda? Nikamwambia, nyamaza, nimalizie upande wa pili."

Shemeji aligusa kufuli, kinyozi akaendelea.

"Alikuwa dada yetu. Hakuna wa kubisha. Lakini nitakuambia neno ambalo hakuna aliyekuambia msibani, maana si neno la msibani. Alitukuta na masizi, ametuacha na masizi. Tulikuja humu tumefura, tukatoka tunacheka. Tukifika nyumbani ndipo tunakumbuka kwamba hatukupewa jibu."

"Alianguka akihangaikia masizi hayo hayo," Shemeji alisema. "Uani kwako."

"Najua, Shemeji. Mimi ndiye niliyekikunja kile kigoda."

Kisha kinyozi akamshika bega, akaenda zake.

Shemeji alifika nyumbani na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, haikuwa ile ya kuigiza. Aliweka viazi mezani akaanza kuvimenya kwa nguvu, maganda manene. Huyu kinyozi ni nani hasa? Wamekula naye, wamelia naye. Alitaka kumpata mkewe amwambie, unasikia wanavyosema watu wako? Akageuka kabisa kuelekea dirishani, mdomo wazi, kisha akakumbuka.

Bomba lilidondoka kwenye sinki.

Na hapo, akiwa na kisu mkononi, ikamjia jioni moja ambayo hakuwahi kuiweka pamoja na zile nyingine. Mama Kigoda alirudi akaketi kwenye kigoda bila kuvua viatu. Hakutoa karatasi. Yeye Shemeji akamwuliza, "Vipi, leo sikutukani?"

"Leo nimewachekesha tena," akasema.

"Si ndiyo vizuri?"

"Walikuja na mashuka yao, meusi. Kinyozi alikuja na la kitandani kwake. Nikawachekesha. Wakaondoka wanacheka, kila mtu na shuka lake jeusi begani." Alivua kiatu kimoja, akakishika. "Nilimwomba Mkurugenzi tarehe ya kutengeneza bomba la moshi. Ananiambia, mbona majirani wametulia? Nani aliyewatuliza? Mimi."

Shemeji alimwambia kwamba mabomba ya moshi si kazi yake. Ni kazi ya mafundi.

"Ya kwangu ni ipi, basi?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Shemeji aliendelea kumenya, na baada ya muda mkewe akavua kiatu cha pili, akaja kumsaidia.

Miaka yote hiyo alikuwa amezikumbuka jioni zile za jikoni kwa vicheko tu. Sasa alikaa akaikumbuka na hiyo jioni. Mkewe hakupungua kwa ajili yake. Alikuwa pale pale, amechoka, kiatu mkononi, na alimpenda vile vile.

Mwombaji wa mwisho alitokea shirika la reli. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na familia treni inapopata ajali. Alikuwa bwana mkubwa wa mwili, mrefu, anayesema taratibu kwa sauti ya mkwaruzo, sauti ambayo isingesikika hata katikati ya chumba, sembuse nyuma. Alipokaa, kiti kililalamika. Aliuliza kama anaweza kusimama, kwa sababu ya mgongo.

"Simama tu," alisema Mkurugenzi, akitazama mlango.

"Una swali kabla hatujaanza?" Shemeji akauliza, kwa sababu ndivyo fomu ilivyotaka.

"Nina moja, mzee. Lile tangazo. Mara ya kwanza nilipolisoma, nilidhani ni tangazo la mtu aliyepotea." Alisema bila kutabasamu. "Nikatafuta picha. Nikatafuta namba ya kupiga ukimwona."

Kinyozi akainamisha kichwa. Mkurugenzi, kwa mara ya kwanza, alivuta tangazo akalisoma mwanzo hadi mwisho, na alipolimaliza akalilaza kifudifudi mezani, polepole, akawa hamtazami Shemeji usoni.

"Alikuwa mke wangu," Shemeji alisema.

"Pole sana, mzee. Basi mimi si yeye."

"La. Wewe si yeye." Shemeji akavuta karatasi yake. Kisha, kwa kuwa jaribio ni jaribio, akakunja uso, ingawa safari hii haukukunjika vizuri. "Mimi ni jirani. Nina hasira. Mnatengeneza sabuni ya kufulia nguo mnazozichafua wenyewe?"

Yule bwana hakucheka. "Ziko wapi?"

"Nini?"

"Hizo nguo. Nizione."

Katika matusi ya jikoni hapakuwa na nguo. Hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo.

"Liko shuka moja kwangu," alisema kinyozi. "Nimelifua, halitaki."

"Ni mbali?"

"Hapo ukutani."

"Twendeni, basi."

Wakaenda, msafara wa ajabu: kinyozi mbele, mtu wa reli nyuma yake kama kabati linalohamishwa, Shemeji, na mwisho kabisa Mkurugenzi na viatu vyake vya kung'aa, akiruka madimbwi. Uani kwa kinyozi shuka lilikuwa kambani. Palipoingia unga, kitambaa kilikuwa kimekakamaa, na pembeni kulikuwa na madoa ya zamani ya masizi ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Shemeji hakuwa amefika ua huo tangu siku ile. Alijikuta anatafuta mahali penyewe kwa macho, ardhini. Ardhi ilikuwa imefagiliwa.

Mke wa kinyozi alitoka ndani, akapangusa mikono. "Karibuni. Niwaletee viti?"

"Mimi nitasimama, mama. Mgongo," alisema mtu wa reli. Akalishika shuka kwa vidole viwili, akalitazama kwa muda mrefu, hapa na hapa. Akauliza unga ulitua saa ngapi, nani alikuwepo, macho ya watoto yakoje sasa. Mke wa kinyozi alimjibu, akarudia, akarudia tena, na yule bwana akasikiliza mara zote. Kisha akageuka.

"Mkurugenzi, kichujio kinabadilishwa lini?"

"Hilo ni suala la ufundi," alisema Mkurugenzi.

"Mkiniajiri ni la kwangu. Wakiniuliza hawa, nitawaambia nini? Nina maneno mengi, lakini wanayoyataka ni tarehe."

"Tarehe hatujaipanga."

"Basi nitawaambia hamjaipanga. Sitawaambia zaidi ya hapo, na sitawaambia pungufu."

Mke wa kinyozi akamnong'oneza mumewe, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mbona huyu kama nguzo ya umeme?"

"Nyamaza, nguzo ndiyo tunayoitaka," akajibu kinyozi.

Mkurugenzi alivua koti, akalivaa tena. "Afisa utumishi," alisema, akilitumia jina la kazi kwa makusudi. "Hii ni kazi yako. Sema."

Shemeji alitazama shuka. Alijua kabisa kwamba akisema hapana, hakuna atakayemlaumu. Sababu zilikuwa nyingi na zote ni za kweli. Mtu huyu hana sauti, hana utani, hana hata mgongo wa kukalia kigoda. Na akisema hapana, mapipa yataingia chumbani, na nafasi ya mkewe itabaki yake peke yake, milele, bila mtu ndani.

"Huyu," alisema.

"Amecheka?" kinyozi akamwuliza taratibu.

"Hajacheka."

"Na bado?"

"Na bado."

Asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi, Shemeji alimkabidhi yule bwana wa reli, sasa mtaalamu wa kampuni, ufunguo wa chumba cha getini. Shemeji alikuwa amekuja na kigoda cha mkewe pia, amekitia kwapani kutoka nyumbani, na njiani watu wawili watatu walikitambua wakasimama. Akakikunjua. "Kilikuwa cha kazi," akasema. "Nimeona kikae kazini."

Mtaalamu alikitazama kwa heshima. Akajaribu kukikalia. Magoti yalimpanda mpaka masikioni, mbao zikalia, na Shemeji na mlinzi wa getini ikabidi wamvute mikono yote miwili kumwinua.

"Mzee, nisamehe," alisema akihema, ameshika kiuno. "Hiki hakinitaki."

Ndipo Shemeji akacheka. Kicheko kilianza kidogo, kikakua, akaegemea ukuta, machozi yakamtoka, na mlinzi naye akashikwa, mpaka mtaalamu mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akageuza uso pembeni. Shemeji alijipangusa, akakikunja kigoda polepole, akarudi nacho nyumbani jioni ile.

Kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi Mkurugenzi alisimama mbele ya majirani na tarehe mbili mkononi, moja ya kichujio na moja ya bomba la moshi. Mtaalamu alimkalisha nazo ofisini siku kadhaa kabla hajazikubali. Kichujio kilibadilishwa kwa tarehe yake. Bomba la moshi lilichelewa, na lilipochelewa mtaalamu alikwenda nyumba kwa nyumba akasema limechelewa, kwa sababu hii na hii, na watu wakamtukana, akasimama pale hadi wakamaliza. Masizi yamepungua. Hayajaisha.

Fundi alikuja kutengeneza bomba la jikoni. Kigoda kiko pale pale karibu na dirisha, na jioni Shemeji hukikalia anapomenya viazi, viazi vya mtu mmoja.

Chumba cha getini hufunguliwa Alhamisi, saa nane mchana.